Gasketi ya Dalton

Kanana aliijua barabara ya Fort Worth hadi Houston kwa sababu mumewe alikuwa upande wa pili. Sheldon alikuwa akisomea uuguzi Houston na kuishi kwa dada yake Missouri City. Kanana alipanga chumba Lewisville, asiwe mbali sana na kazi. Kila wikendi isiyo na mashindano alijaza tangi la gari lake dogo, akaweka sufuria ya githeri, mahindi na maharage, kwenye kiti cha pembeni, akashuka kusini. Ijumaa hiyo hakuwa na gari lake. Alikuwa kwenye pikapu ya bosi wake, laptopu mapajani, na nyuma yao trela lilibeba gari la mashindano.

Bosi aliitwa Dalton. Karakana yake ya Fort Worth iliunda injini za yale magari yanayoshindana kwa kuzunguka uwanja wa lami, na Kanana, binti kutoka mji wa Nkubu aliyekuja Texas kwa shahada ya pili ya uhandisi, ndiye aliyezipangia petroli. Injini za Dalton zingeweza kutoa nguvu za farasi mia saba na zaidi. Waandaaji wa mashindano hawakutaka hivyo. Magari yalikuwa yameanza kuruka ukuta, basi wakaamuru kila injini ifungwe bamba la chuma chini ya mlango wa hewa, lenye matundu membamba. Hewa ikipungua, nguvu hupungua. Kazi ya Kanana ilikuwa kuifundisha kompyuta ya gari kiasi cha petroli ambacho nozeli zinyunyize kulingana na hewa hiyo kidogo, isizidi wala isipungue.

Aliipenda kazi. Hata Dalton hakuwa mtu mbaya. Mama yake Kanana alipofariki, na Kanana akashindwa kwenda kuzika kwa kuogopa kuzuiwa kurudi, Dalton alifunga karakana mchana mzima, wafanyakazi wote wakakaa naye wakitazama mazishi kule Nkubu kwenye runinga kubwa ya ofisini. Lakini viza ya Kanana ilikuwa ya kufanya kazi kwa Dalton peke yake, na viza ya Sheldon ilining'inia kwenye ya mkewe. Akifukuzwa, wana miezi miwili ya kupata mwajiri mwingine au kufungasha virago. Maombi ya kukaa nchini moja kwa moja yalikuwa kwa wakili, yakingoja saini ya Dalton. Kuanza upya kwa mtu mwingine kulikuwa ni kurudi mkiani mwa foleni.

Walipopita Corsicana, Dalton alizima redio. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa Mugisho, fundi wa kufunga injini, Mkongo aliyetoka Bukavu, kofia imemfunika uso. Dalton akasema watu wa timu moja kubwa watakuja kesho kumtazama Reba. Reba alikuwa bintiye na ndiye dereva wao, alikwishatangulia Houston. Akasema nafasi kama hiyo kwa msichana asiye na jina haiji mara mbili. Halafu akatoa kibahasha cha plastiki kwenye mfuko wa mlango, akakiweka juu ya laptopu ya Kanana.

Ndani mlikuwa na gasketi, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya bamba na injini kuzuia hewa isivuje. Kanana aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Upande mmoja ulikuwa umechongwa vifereji vyembamba kama nyuzi. Hakuhitaji kuelezwa. Hewa ingepita chini ya bamba, na wakaguzi, ambao hupima bamba tu, wasione kitu.

"Nahitaji uongeze petroli ilingane," Dalton alisema, macho barabarani.

Kanana akasema hiyo ni kudanganya. Dalton akakubali kwamba ni kudanganya, akasema kila mtu katika uwanja ule anadanganya kidogo. Kanana akasema yeye hawezi.

"Gasketi itafungwa," Dalton akasema. "Ukiongeza petroli, Reba atashinda. Usipoongeza, unajua kitakachotokea."

Alijua. Hewa nyingi na petroli kidogo huchoma injini kwa ndani. Pistoni ingetoboka katikati ya mbio, mafuta yamwagike chini ya magurudumu ya nyuma, na Reba angekuwa ndani akielekea ukutani.

"Ni binti yako," Kanana alisema.

"Ndiyo maana nakuomba wewe." Kisha, kwa sauti ileile ya upole, akamkumbusha kwamba wakili amepiga simu tena kuhusu zile karatasi, na kwamba Jumatatu atakuwa na nafasi ya kuzitazama.

Kaskazini ya Houston magari yalisimama kabisa, njia zote. Kanana alitazama mkono wa mlango. Angeweza kuufungua, ashuke, atembee ukingoni mwa barabara na laptopu yake. Kwenda wapi? Alibaki ameketi, na ubaridi wa kiyoyozi ukampuliza magotini mpaka foleni ikafunguka.

Jioni Sheldon alimfuata hotelini, bado amevaa sare ya mazoezi ya hospitali. Walikula kuku ndani ya gari lake na Kanana akamweleza yote. Alitumaini Sheldon angekasirika. Sheldon alifuta vidole taratibu, kimoja kimoja.

"Kanana, tumebakisha kidogo sana," alisema. "Si wewe uliyeichonga hiyo gasketi."

Hakumchukia kwa maneno hayo, maana yeye mwenyewe alikuwa ameyawaza tangu Corsicana. Ila aliposhuka garini alijiona yuko peke yake zaidi kuliko alipokuwa na Dalton.

Asubuhi, uwanjani, Mugisho alikuwa ameinamia injini, spana mkononi. Kanana alipomkaribia hakuinua kichwa.

"Dada, mi sikukuwa nalala jana," alisema. "Nilisikia yote. Mi niko na karatasi, hawawezi kunirudisha kwetu. Useme tu, hii kitu naitupa."

Kanana akawaza watoto wa Mugisho, watano, na mkewe Bernadette ambaye maumivu ya mgongo yalimtoa kwenye kazi ya ghalani. Akamwambia aifunge. Mugisho akaifunga.

Kanana akaingia ndani ya trela, akafungua laptopu. Mpango halali wa petroli ulikuwa hapo, ule alioupanga kwa ajili ya bamba bila gasketi ya wizi. Hakuongeza hata tone. Badala yake aliandika kinga. Kwenye bomba la ekzosi kulikuwa na kipimo kinachohisi petroli ikipungua ndani ya moto. Aliiagiza kompyuta kwamba kikionyesha upungufu, ipunguze cheche zinazowasha petroli hapo hapo na kuibana injini mpaka hatari ipite. Kanuni za mashindano ziliruhusu kinga ya namna hiyo. Injini isingeungua. Ila kila Reba atakapokanyaga hadi mwisho, na hewa ya wizi ikaingia, gari lingekuwa la polepole kuliko magari yote uwanjani. Akaupeleka mpango garini. Alijua amejifungia mlango na funguo ameziacha nje.

Dalton alimuuliza kama tayari. Akasema tayari.

Katika mbio za majaribio Reba alitoka vizuri kwenye kona, akashika njia iliyonyooka, na hapo injini ikakohoa, sauti ikashuka. Magari yakampita kulia na kushoto. Mzunguko wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akaingia pembeni, akatoka kupitia dirisha, kofia ya chuma kwapani, jasho likimtiririka. Alikuwa msichana mrefu, mwenye mdomo wa baba yake.

Alilalamika kwamba injini inambania kila akikanyaga. Dalton alimgeukia Kanana. Usoni mwake hasira ilikuwa bado haijafika. Kulikuwa na mshangao tu, kama wa mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe.

"Toa hiyo uliyoweka," alimwambia chini chini.

Kanana aliona Mugisho ameacha kazi anamtazama. Angeweza kunyamaza, aende pembeni na Dalton, wazungumze kama walivyozungumza garini. Akamgeukia Reba.

"Injini inavuta hewa ambayo haikupita kwenye bamba," alisema. "Nimeizuia isiungue ukiwa ndani."

"Hewa gani?" Reba aliuliza. Alimuuliza baba yake, si Kanana.

Dalton alivua miwani ya jua, akaifuta kwenye shati, akaivaa tena. Akaanza habari za timu kubwa, na nafasi, na jinsi wengine wote wanavyofanya. Reba alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu akamwambia Mugisho afungue.

Mugisho aliing'oa gasketi na kufunga ya kawaida, Reba amesimama juu yake mpaka boliti ya mwisho. Mchana huo gari lilikwenda kama lilivyopangwa. Reba alipambana sana na akamaliza wa saba. Watu wa timu kubwa walimpongeza aliyemaliza wa kwanza, wakaenda zao. Baba na binti hawakusemezana, na Reba alirudi Fort Worth kwa gari la rafiki yake.

Kwenye pikapu Dalton aliwasha redio kwa sauti kubwa njia nzima ya kurudi. Jumapili Kanana alianza kupanga nguo zake kwenye sanduku, akaacha, akaanza tena. Sheldon alipiga simu mara kadhaa.

Jumatatu Dalton alimwita ofisini. Karatasi za wakili zilikuwa mezani, zimesainiwa.

"Hakuna mwingine anayeweza kuzipanga injini zangu," alisema. "Kwa hiyo hutakwenda popote. Lakini pikapu yangu hutapanda tena, na nikiingia chumba ulichomo, utatoka."

Wakili alisema kwa kadiri anavyoona foleni, kibali cha kukaa kitachukua miaka minne, labda mitano, na mpaka hapo Kanana abaki kwa Dalton. Sheldon aliposikia saini imepatikana alilia kwa furaha, akataka waombe pamoja kwenye simu, na Kanana akaitikia amina.

Alirudi chumba cha kupimia injini. Mugisho alikuwa amekwishafunga injini mpya kwenye mashine, na kupitia kioo kinene Kanana alimwona Dalton akija ukumbini, akasimama mlangoni akingoja. Kanana alichukua laptopu yake, akatoka kwa mlango wa pili, akaenda kukaa stoo mpaka atakapoitwa.