Ikilia, Geuza

Kaka mtu alikuwa fundi wa lifti, mwenye haraka zake, na kila jambo la maana alilisema akiwa ameshaondoka. Siku hiyo alikuwa ameshuka nusu ya ngazi, begi la vifaa begani, ndipo akakumbuka kwamba dada yake hajawahi kutumia kikaangio cha hewa.

"Pai za nyama ziko kwenye friza!" alipaza sauti. "Usiziyeyushe, zitie na barafu yake! Ikilia, geuza!"

Mlango wa chini ulibamizwa na kumeza mwanzo wa neno. Dada, ambaye ni mshonaji, alisikia "kulia, geuza". Basi akapanga pai nne kwenye droo ya mashine, akashika swichi ya joto na kuizungusha kulia mpaka ikagoma.

Alikuwa amekimbilia kwa kaka yake kumkwepa mumewe. Mara mbili alikuwa amemkimbia huyo bwana, na mara mbili akarudi, kwa sababu mume alimfuata akambembeleza mbele ya watu kwa sauti ya asali, naye akaona haya kusema kilichomtoa nyumbani. Safari hii alijua, kama anavyolijua jina lake, kwamba akirudi tena atatoka humo amebebwa.

Mlango ukagongwa. Alidhani kaka amesahau kitu, maana husahau hata kichwa chake. Akafungua.

Alikuwa mumewe. Mume huyu ni kinyozi, na mtaa mzima unamsifu kwa mikono laini. Hushika kichwa cha mtoto kama anashika yai. Ya nyumbani hawayajui.

"Mke wangu," alisema, akaingia, akafunga mlango kwa ufunguo uliokuwa kwenye kitasa, akautia ufunguo kwenye mfuko wa shati lake. "Mbona unanitia aibu? Wateja wananiuliza mama yuko wapi."

"Waambie nimehama."

Kinyozi alicheka kidogo, akavuta kiti. Harufu ilikuwa imejaa jikoni. "Nipe nile kwanza. Nikimaliza unafungasha, tunaenda kwetu."

Mshonaji alizitoa pai kabla mashine haijalia, zimeiva rangi kiasi cha kumtia mtu tamaa. Kinyozi aliuma moja. Meno yakakwaruza barafu. Alitema kipande mezani, nyama mbichi imeganda na mafuta meupe, akakitazama, kisha akainuka taratibu, kama mtu anayekwenda kuchukua chumvi.

Kofi la kwanza lilimpeleka mshonaji ukutani. La pili lilimpasua mdomo. Akashikwa kisogoni na kusukumwa hadi paji la uso likagonga mlango wa kabati, mara moja, tena mara moja, na sahani za kaka zikalia ndani. Alipoteleza chini, kinyozi alimpiga teke la mbavu na kiatu chake cha kazini, kile anachokipiga rangi kila asubuhi. Hakupandisha hata sauti. Hilo ndilo lililomtisha mshonaji kuliko teke lenyewe.

"Unanilisha barafu? Rudisha humo. Nazitaka za moto, zinazofuka moshi."

Alijishika kwenye meza akasimama. Damu ilimchuruzika kidevuni na jicho moja lilikuwa linafumba. Aliziweka tena, akapunguza joto, akaongeza muda, kwa sababu akili yake ilikuwa imemrudia: ganda limeungua haraka, ndani hakujafikiwa. Mashine ikavuma. Kinyozi akaketi akichezea simu yake.

Katikati ya muda mashine ikalia, pii, pii, pii. Mshonaji akasimama na koleo mkononi, na ghafla akaelewa. *Ikilia*, geuza. Kumbe kaka alikuwa anasema kugeuza pai! Alicheka. Kicheko kilimuuma mbavu, na bado kikatoka.

"Unacheka nini?"

"Kaka yangu," alisema, akageuza pai moja moja.

Zilipokuwa tayari, aliona mchuzi ukichemka kwenye kitundu kidogo cha pai ya kwanza. Ganda lilikuwa kavu, linashikika. Ndani kulikuwa moto kama uji unaotokota. Angeweza kusema subiri. Miaka yote ya ndoa alikuwa amesema subiri: chai ya moto, kuwa mwangalifu, sufuria ya moto, baba. Mdomo wenye kusema hivyo ulikuwa umepasuliwa. Akaufunga, akamwekea sahani mbele yake.

Kinyozi aliipapasa pai, akaona inashikika, akabugia nusu nzima kwa hasira ya mtu aliyecheleweshewa haki yake.

Macho yalimtoka. Alijaribu kutema, lakini nyama na mafuta vilikuwa vimemganda kwenye kaakaa na ulimi. Alitoa mlio usio na maneno, akaruka, akamkamata mkewe nywele kwa mkono mmoja na kumvuta chini. Mshonaji akarusha mkono nyuma, akapata mpini wa droo ya mashine, akaichomoa. Chuma cha moto kilitua kwenye shavu lililonyolewa vizuri. Ngozi ikatoa sauti. Mkono ukaachia nywele. Akampiga tena, sikioni, na kinyozi akaanguka pamoja na kiti.

Akampiga mara ya tatu akiwa chini. Hilo halikuwa la kujitetea, na sitalipaka rangi. Alilitaka, akalipata, na lilimtia hofu lilivyomkaa vizuri mkononi.

Kisha akapiga magoti, akachukua ufunguo kwenye mfuko wa shati la kinyozi, akafungua mlango.

Majirani walikuwa wamejaa kwenye ngazi. Mbele alisimama muuguzi wa ghorofa ya juu, mikono kifuani. "Kulikoni humu, jamani?"

Kinyozi alijikokota hadi kizingitini, akiziba shavu. Ulimi ulikuwa umevimba, lakini asali haikumwishia. "Ajali tu ya jikoni," alisema kwa shida. "Mke wangu aliteleza. Mwambie, mpenzi. Si uliteleza?"

Mshonaji aliwatazama wale watu wote, na ile haya yake ya siku zote ikamrudia. Alijua kwamba akiitikia kwa kichwa tu, kila mtu ataenda zake na yeye atabebeshwa sanduku lake arudishwe kwa mumewe.

"Sikuteleza," alisema, damu ikimtoka na kila neno. "Amenipiga. Hunipiga kila siku. Leo na mimi nimempiga, na kama hamtamtoa hapa, naendelea."

Muuguzi alipita katikati yao, akamwekea mshonaji mkono begani, akawaambia wanaume waliokuwa nyuma yake wamshike huyo kinyozi.