Nailoni Kumi na Mbili

Tamsin alikuja Jumamosi asubuhi na kalibu za baba yake kwenye buti ya gari, zimefungwa kwa blanketi la mbwa. Nilimsaidia kuzibeba hadi bandani. Zilikuwa nzito kuliko nilivyokumbuka, au pengine mimi ndiye niliyepungua.

"Mama alikuwa anaziwekea vyungu vya maua juu," alisema. "Usiniambie zimekwaruzika, Anko Merv."

Nilizipapasa kwa kidole, taratibu. Hazikuwa na mkwaruzo.

"Unataka nini hasa?" nilimuuliza, ingawa nilijua.

"Bawa. Kama lile lake."

Mashua zetu hapa ghubani ni za mtu mmoja, nyepesi, na chini yake zina mguu mwembamba wenye bawa. Mashua ikishika kasi inapanda juu ya maji yote, na kinachobaki majini ni mguu na bawa lake tu. Asiyeweza kununua bawa hutengeneza. Mimi na Struan Kerrigan, baba yake Tamsin, tulitengeneza ya kwetu kwa miaka kumi na mmoja katika banda hili. Kazi yangu ni makabati ya jikoni. Haya mengine nilijifunza kwa kuharibu. Unachukua kitambaa cheusi cha kaboni kilichokwisha kulowekwa gundi, unakitandika tabaka juu ya tabaka ndani ya kalibu mbili, ya juu na ya chini, unazifunga pamoja, unafyonza hewa kwa pampu, kisha unapika. Pampu yetu tuliitoa kwenye friji bovu. Kitambaa tulikiweka kwenye friza, chini ya njegere na nyama ya kondoo, kwa sababu gundi yake huharibika kwenye joto.

Miaka minane iliyopita bawa letu la mwisho lilivunjika upande wa kulia, Struan akiwa juu yake anakwenda kasi ya gari. Mashua ilichimba pua majini, mlingoti ukampiga shingoni, akafa. Watu walisema bawa liligonga gogo. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na magogo yalionekana yakielea. Sikuwabishia.

Nusu ya kushoto ilirudi na mashua. Nimeitundika bandani kwa misumari miwili. Bawa zima ukiligonga kwa sarafu linalia kama glasi. Likiwa na kasoro ndani, pale penye kasoro panatoa sauti ya ubao. Nusu ile inalia kama glasi kila mahali. Nimeigonga mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Kuna siku nikiwa jikoni naosha vyombo, naisikia inalia, na bandani hakuna mtu.

Tulifanya kazi Jumamosi tatu. Tamsin ana mikono ya baba yake, yenye subira kuliko mdomo. Alizipaka kalibu nta mara tano, akaisugua kila safu mpaka akajiona uso.

"Anko, unakata kitambaa kama mtu anayekata keki ya harusi ya adui yake."

"Kisu ni butu."

"Macho ndiyo butu. Lete hapa."

Jumamosi ya nne tulianza kutandika. Kila kipande cha kitambaa huja na nailoni nyembamba mgongoni, isiyo na rangi. Ukishakilaza kipande ndani ya kalibu unaibandua nailoni yake kabla ya kulaza kinachofuata. Ukiisahau, tabaka mbili hazishikani kamwe, na huwezi kuiona, maana juu ya kitambaa cheusi inang'aa kama gundi yenyewe. Kwa hiyo Struan aliweka utaratibu. Kila nailoni aliiandika namba kwenye ncha ya kushoto. Ikibanduliwa inatundikwa ukutani. Kabla ya kufunga kalibu zinahesabiwa: tabaka kumi na mbili, nailoni kumi na mbili. Kisha zinakunjwa na kuhifadhiwa kwenye kopo la aiskrimu lenye tarehe ya bawa lile.

Tulipofika tabaka la tano tukapumzika kunywa chai.

"Nionyeshe za zamani," Tamsin alisema. "Nione alivyokuwa anazikunja."

Ningeweza kumwambia zilishatupwa. Nililitoa kopo la mwisho, nikafuta vumbi, nikampa. Alizitandaza mezani moja moja, akizinyoosha kwa kiganja.

"Saba hii nani kaandika?"

"Kwa nini?"

"Baba saba yake aliikata kistari katikati. Hata kwenye kadi zangu za siku ya kuzaliwa. Hii haina."

Upepo wa kusini ulikuwa umeanza, bati la paa likigonga pale linapogonga siku zote. Nilisikia pampu ikiunguruma. Nikaitazama. Ilikuwa imezimwa.

"Mimi," nilisema.

Ningeweza kuishia hapo pia. Nilimweleza kwa mpangilio, kama ilivyotokea. Siku tulipotandika bawa lile la mwisho simu ililia nyumbani, Struan akaenda kupokea. Niliendelea kutandika peke yangu. Mlango ulikuwa wazi na upepo ulikuwa mkali kuliko wa leo. Mwisho nilihesabu ukutani nikapata kumi na moja. Ya saba haikuwapo, na sikukumbuka kuibandua. Nilitafuta sakafuni, nje, hata kwenye mifuko yangu. Kuhakikisha kulikuwa na njia moja tu: kubandua tabaka zote, na hicho ndicho kitambaa cha mwisho tulichokuwa nacho, na mashindano yalikuwa wiki inayofuata. Nikajiambia upepo umeichukua. Nikakata kipande cha nailoni kwenye mabaki, nikaandika saba, nikakitundika. Struan akarudi, akauliza, "Ngapi?" Nikasema, "Kumi na mbili." Akacheka: "We Merv unahesabu kama kuku mwenye vifaranga. Haya, funga."

"Bawa lilipoiva nilianza kuligonga kwa sarafu," nilisema. "Nilianza kushoto. Kabla sijafika kulia akalichukua kwenda kulifunga kwenye mguu. Sikumzuia. Nilifurahi alipolichukua."

Tamsin hakuwa amegusa chai yake.

"Kwa hiyo ulimdanganya."

"Ndiyo."

"Na mama."

"Ndiyo."

"Na mimi. Pale kanisani ulinishika mkono, ukasema ni gogo."

"Ndiyo."

Alitoka. Kupitia dirishani nilimwona amesimama kwenye njia ya zege tunayoshushia mashua, maji yakirudi nyuma taratibu kutoka miguuni pake. Sikumfuata. Nilikirudisha kitambaa kwenye friza, nikaketi.

Aliporudi midomo yake ilikuwa imegeuka rangi kwa baridi. Alishika birika kwa viganja vyote viwili mpaka vikapata moto, kisha akavaa glavu.

"Tumalize," alisema.

Kila nailoni aliibandua yeye, akaitundika yeye. Mwisho alihesabu peke yake, mara mbili. Kumi na mbili. Lakini tulipojaribu kuzifunga kalibu hazikukutana. Upande mmoja ulibaki wazi kwa unene wa msumari. Nilichungulia chini. Kalibu ya chini imefungwa skrubu kwenye ubao, na ubao ule, kwa miaka ya kumwagikiwa maji ya vyungu vya maua, ulikuwa umepinda na kuivuta kalibu.

"Tuung'oe," nilisema.

Skrubu zilikuwa na kutu. Nilizitoa moja baada ya nyingine, Tamsin akaiinua kalibu kwa upande wake. Kati ya kalibu na ubao palikuwa na mwanya mdogo, na ndani ya mwanya, imenata kwenye mbao, palikuwa na nailoni.

Aliivuta yeye. Ilikuwa imekauka na kupata umanjano. Ilikuwa nusu, imechanika katikati, kingo zake zimevutika kama za mfuko uliochanwa kwa nguvu. Kwenye ncha palikuwa na saba, na katikati ya saba palikuwa na kistari.

Tulisimama tunaitazama. Kila tabaka lilikuwa kipande kimoja, kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine, na Struan aliandika namba kushoto siku zote.

"Hii ni ya kushoto," Tamsin alisema.

"Ya kushoto. Ya kulia ilibaki ndani ya bawa."

Aligeuka akaitazama nusu ya bawa ukutani, ile inayolia kama glasi kila mahali. Nami niliitazama. Kwa miaka minane nilitaka kujua. Nilikuwa nimefikiri nikijua, banda litanyamaza.

Tamsin alitoa saba yangu kutoka kwenye kopo, akaiweka mezani mbele yangu. Mahali pake akaweka nusu ile, akaikunja pamoja na zile nyingine kumi na moja, akafunga kifuniko. Kisha alielekeza kidole ukutani, kwenye nailoni mpya.

"Hesabu wewe. Kwa sauti."

Nilihesabu, nikigusa kila moja, moja hadi kumi na mbili.

"Tena," alisema.

Nikaanza tena, moja.