Barua ya Kiganja

Watu wakiniuliza kwa nini niliacha ukarani katika shule ya misheni, huwa nawaambia macho yalichoka. Uongo mtupu! Macho yangu mazima, nasoma maandishi ya chupa za dawa bila miwani. Niliacha kwa sababu ya mtoto mmoja. Leo nalisema bila kutafuna maneno, maana nimelimeza miaka kumi na moja na bado halijashuka.

Shule ilikuwa na watoto sitini na wawili: yatima, watoto wa wasiojiweza, na darasa moja la viziwi. Kila mtoto alikuwa na mfadhili wake ng'ambo, na kila mfadhili alitaka barua mara mbili kwa mwaka. Anayejua kuandika aliandika mwenyewe. Asiyejua nilimwandikia mimi, halafu anachovya kiganja kwenye sahani ya wino wa bluu na kukigandamiza chini ya karatasi. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake. Wafadhili walivipenda viganja hivyo kupita kiasi, wengine wakavibandika ukutani. Tuliona kwenye picha walizotutumia.

Na mimi nilikuwa fundi wa barua, msinione hivi. Nipe mtoto asiye na la kusema zaidi ya "nimekula, nimelala," nakutolea kurasa mbili za kumliza mtu mzima. Nilitia chumvi, ndiyo. Aliyeugua mafua nilimwandika kachungulia kaburi. Nilikuwa namsomea mpishi jikoni, anacheka mpaka anaunguza chakula. Hakuna aliyeumia, au ndivyo nilivyojiambia.

Katika darasa la viziwi kulikuwa na msichana wa miaka minane tuliyemwita Kiganja. Aliletwa akiwa na miaka sita na bibi yake, mama mzee aliyekuwa akiwafulia watu nguo. Siku hiyo alinikabidhi mkono wa mjukuu wake, akasema, "Mwanangu, kule nyumbani huyu wanamsukuma tu. Akitaka maji wanampa chakula, akiumwa wanadhani ana kiburi. Mfundisheni aseme anachotaka, hata kwa vidole."

Jina la utani lilimpata kwa sababu kila kitu alikigusa kwa kiganja: ngoma ya kwaya, cherehani, mlango unaogongwa. Akija ofisini kwangu alipanda kiti, akaniwekea kiganja kooni, akasubiri. Nikilitamka jina lake, lile la kweli, linamtekenya mkononi na anacheka mpaka machozi. Nisipolitamka haondoki. Mimi huyu, mwenye hasira za karibu, niliyewahi kuwatimua walimu wazima kwa kuchelewesha fomu, nilikuwa naacha kazi ili nitamke jina la mtoto asiyelisikia.

Miaka miwili kwa mwalimu wa lugha ya ishara ilimtosha. Alikuwa anaomba, anasimulia, anabishana kwa vidole. Siku moja niliwaona yeye na mwenzake wakigombania kifutio, vidole vinapiga mbio, hata matusi yamo. Nilicheka kwa furaha.

Halafu ikafika ile wiki ya barua. Posta ilikuwa inaondoka Ijumaa, na yake ilikuwa ya mwisho. Nilikuwa nimechoka na maneno yameniishia. Mfadhili wake alikuwa mjane mmoja, mtu wa sala sana, aliyeandika kila mara kwamba anamwombea mtoto asikie. Nikaona nimfurahishe. Nikaandika: "Mungu ametenda. Sasa nasikia kengele ya kanisa, na Jumapili naimba na wenzangu." Na kweli alikuwa anasimama na kwaya, kiganja juu ya ngoma, mdomo wazi.

Nikamwita. Akachovya, akagandamiza, akanionyesha mkono wa bluu. Kisha akauliza kwa vidole: barua inasemaje? Mimi ishara zangu zilikuwa za kuhesabika. Nikamjibu kwa moja: nzuri.

Baada ya miezi mitatu jibu likaja. Barua ilikuwa imesomwa mbele ya kanisa lao zima, watu wakasimama, wakalia. Na kwa kuwa mtoto ameponywa, waliandika, hana tena haja ya shule ya viziwi. Arudi kwa bibi yake, asome shule ya jirani na wenzake, na kitanda chake apewe mwingine anayesubiri. Hakukuwa na ubaya hata chembe katika maneno yao. Ubaya wote ulikuwa wangu.

Mwalimu wa ishara aliingia ofisini bila hodi.

"Dada, umefanya nini?"

"Punguza sauti."

"Andika leo hii useme umekosea."

"Nikikiri kwa huyu, watauliza na wale sitini na mmoja."

"Si waulize!"

"Na mimi niende wapi? Nina watoto wawili na mume hana kazi."

Akasema polepole, "Na yeye aende wapi?" Nikajitia hamnazo, nikapanga bahasha ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Akaenda kwa mkuu wa shule. Mkuu alikuwa mchungaji mgeni, wiki tatu tu tangu aletwe, majina ya watoto hajayashika. Mtu wa haki lakini. Akasema hahukumu kwa maneno, atampima mtoto mwenyewe. Mwalimu akaambiwa arudi kwa watoto darasani, nikaitwa mimi na Kiganja.

Ofisi ya mkuu ilikuwa ghorofani, sakafu ya mbao. Akamsimamisha mtoto kuelekea dirishani, akaenda nyuma yake, akamwita. Mtoto hakugeuka. Akapaza sauti, na katika kupaza akapiga mguu chini, puu, kama anayefukuza kuku. Mbao zikatikisika. Kiganja akageuka, akatabasamu.

"Aa, kumbe!" Mchungaji akanigeukia. "Karani, wewe umekaa naye. Anasikia au hasikii?"

Nilijua, Mungu wangu, nilijua. Kila aliyefanya kazi na watoto wale alijua kwamba kiziwi unamwita kwa kupiga mguu sakafuni. Mwalimu wa ishara alilituliza darasa zima hivyo hivyo kila asubuhi. Ilikuwa ni kusema tu, "Mchungaji, rudia bila mguu." Maneno manne. Mtoto alikuwa ananitazama, anatabasamu, anadhani amefanya vizuri.

"Anasikia kidogo, Mchungaji," nikasema. "Ukimwita kwa nguvu."

Mwalimu alipinga mpaka akalia. Mkuu akamjibu kwamba ameona kwa macho yake.

Bibi alikuja kumchukua Jumamosi, amevaa nguo zake za kanisani. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru, mimi! Getini akamwacha mjukuu atangulie hatua chache, akamwita taratibu, kwa jina, kama mtu anayefungua zawadi. Mtoto akaendelea kutembea. Akamwita tena. Kisha akanigeukia, na ile furaha ilikuwa inamtoka usoni.

"Atazoea, mama," nikasema.

Niliendelea na kazi mwaka mmoja zaidi, nikashindwa. 

Mwezi uliopita nilipeleka mapazia kwa dobi mmoja. Uani kulikuwa na wasichana wanafua. Mmoja alikuwa amezuia njia, dobi akamsukuma bega kunipisha.

"Usijali, mama, huyo msukume tu. Bubu. Hasemi hata kwa mikono."

Msichana akageuka. Miaka kumi na tisa, mikono imechunwa na sabuni. Nilimjua kabla hajanijua. Nikajaribu kumpa ishara moja, ile ile: nzuri. Akavitazama vidole vyangu kama mtu anayetazama herufi za shule aliyoacha zamani. 

Halafu akanijua. Uso wote ukafunguka. Akafuta mkono kwenye aproni, akanyanyua kiganja, akaniwekea kooni, akasubiri.

Jina lake nilikuwa nalo mdomoni. Nililitamka miaka hiyo mara ngapi, bure, kwa kucheza tu. Nikafungua mdomo, sauti ikagoma kutoka. Akasogea karibu, akakandamiza kidogo zaidi. Akasubiri tena.

Kisha akakitoa kiganja, akakigeuza, akakitazama kwa makini, akidhani hicho ndicho kimeharibika. Akakisugua kwenye aproni, akarudi kwenye beseni lake.