Simu Iliyomtaka Ange

Tarsisi Manirambona hakuwa mtu wa matusi. Akikukasirikia alikuacha tu, basi. Jirani yake wa Ulyankulu aliyewahi kuacha ng'ombe wake wale mahindi ya Tarsisi alipita mbele yake misimu mingi bila kuonwa. Tarsisi alitazama mti, alitazama paa, alitazama kuku, ila si jirani. Ndivyo alivyomfanyia hata mdogo wake wa tumbo moja, Ange, aliyehamia Marekani na mumewe. Na mtu wa Marekani ni rahisi kumwacha, kwani inatosha kutopokea simu.

Siku hiyo alikuwa ameketi kwenye benchi la Paskazia, fundi simu wa karibu na soko la Tabora. Paskazia alimpa shikamoo, Tarsisi akaitikia marahaba, kisha akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye kipande cha kitenge. Kilikuwa simu ya kioo, safi, kama haijawahi kutumika. Aliiweka mezani kwa vidole viwili, kama mtu anayemtoa panya mtegoni, akamwambia aifungue.

Simu hiyo ilikuwa ya mama yao, Niyokwizera. Alipozidiwa na ugonjwa, bibi huyo alikuwa na ombi moja tu, kumwona Ange usoni. Sauti yake alikuwa akiisikia kwenye simu ndogo ya kitochi ya Tarsisi, lakini alilalamika kwamba sauti haina mashavu. Ange hakuweza kusafiri. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado, na kama angetoka huko asingeruhusiwa kurudi kwa watoto wake. Basi akatoa laini kwenye simu aliyokuwa akiitumia mwenyewe, akampa mtu wa Urambo aliyekuwa anarudi nyumbani, aifikishe kwa mama.

Simu ilifika. Tarsisi akatia laini yake, ikakataa. Akatia ya mkewe Janeti, ikakataa. Mwalimu wa shule ya jirani akaja kumsomea Kiingereza cha kwenye kioo, akasema simu hii haizitaki laini za hapa. Mama akawa anaulizia kila asubuhi kama Ange ameshaingia. Kabla Jumapili haijafika, alifariki.

Tangu siku hiyo Tarsisi alishika neno moja: Ange alikuwa ametuma takataka, kitu kilichokataliwa na Wamarekani, ili aonekane naye katuma. Ange akipiga, hakupokea. Akimpigia Janeti, Tarsisi alitoka nje kwenda kutazama mbuzi, hata kama mbuzi walikuwa wameshafungwa.

Angeweza kuendelea hivyo mpaka kaburini, kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kigumu kweli. Lakini mwaka wa msiba ulikuwa unaisha. Katika ukoo wao, siku ya kumaliza msiba vitu vya marehemu hutolewa uani na kugawiwa, na kuna sharti ambalo babu zao walitoka nalo Burundi: hakuna kitu kinachogawiwa kikiwa kimefungwa. Sanduku hufunguliwa, gunia hulegezwa kamba, hata kibuyu cha samli hutolewa kizibo, ili kesho mtu asije akanong'ona kwamba ndani mlikuwa na kitu. Mjomba Aleksi, ndugu pekee wa mama aliyebaki, alikuja kuvikagua vitu kabla ya siku yenyewe. Alipita kwenye vitenge, jembe, rozari na sufuria, akaikuta simu. Akauliza kama inafunguka. Akaambiwa imefungwa tangu ifike.

"Basi msiba haumaliziki," alisema mjomba.

Watu walicheka wakidhani ni utani wa mzee. Mjomba hakucheka, na neno la mjomba halikatiwi rufaa. Kwa hiyo Tarsisi alikuja mjini akiwa anataka mambo matatu kwa pamoja: simu ifunguke, msiba uishe, na Ange asitajwe.

Paskazia aliichaji, akaiwasha, akatia laini ya kujaribia, akasoma maandishi. Alikuwa mwanamke wa Kinyamwezi mwenye maneno mengi na mikono iliyotulia, na alipenda kuwaambia wateja kwamba babu zake walikuwa wapagazi wa misafara, na kwamba tangu enzi hizo hakuna mzigo uliopita hapa Unyanyembe bila kufunguliwa. Huu nao ungefunguliwa, alisema, ila si na yeye.

Alimweleza kwamba simu haikuwa mbovu hata kidogo. Kampuni za huko huuza simu kwa masharti, na hupiga kufuli ili isikubali laini ya kampuni nyingine. Hata jirani wa hukohuko mwenye laini ya kampuni nyingine angekataliwa vilevile. Ufunguo upo kwa kampuni, nayo humpa aliyeinunua, bure, akishamaliza masharti na kuomba.

"Aliyeinunua ni nani?" aliuliza.

"Mtu."

"Mtu huyo yu hai?"

"Yu hai."

"Basi mpigie, baba. Hapa kwangu huna kazi."

Tarsisi alitazama paa la kibanda. Neno lililomchoma halikuwa hilo la kupiga. Lililomchoma ni kuambiwa kwamba simu haikuwa mbovu. Kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo hata Janeti hakulijua. Siku ile simu ilipokataa laini, mwalimu alitoa simu yake ya kioo mfukoni, akasema wampigie Ange kwa hiyo, mama amwone mara moja tu. Tarsisi, kwa hasira, alimkataza. Alimwambia asiyetaka kuonwa asilazimishwe. Kama simu ilikuwa takataka, mwenye kosa alikuwa Ange. Kama ilikuwa nzima, mwenye kosa alikuwa amekaa kwenye benchi hili, na alijua anakaa wapi.

Akauliza kuhusu kile kitu kinachoitwa butiloda. Mwalimu huyohuyo alishamwambia kwamba kuna mafundi wanaoifungua hiyo na simu ikatii kila kitu. Paskazia alicheka kidogo, akaingia ndani kabisa ya mipangilio, akamwonyesha kitufe kilichofifia rangi ya majivu. Alikibonyeza, hakikuitika.

"Hili ni kufuli jingine, la programu ile inayoamka kwanza simu ikiwashwa," alisema. "Hata ningelifungua, laini yako isingeingia, lingefuta tu vilivyomo. Na kwa simu hii haliguswi mpaka kampuni iondoe lile la kwanza. Mlango wa ndani umefungiwa nyuma ya mlango wa nje, na ufunguo anao huyo mtu wako."

Mtu mwingine angeshika simu na kupiga. Tarsisi aliichukua ya marehemu, akaiviringisha kwenye kitenge, akashukuru kwa adabu, akaondoka. Waliosema mkataa pema pabaya panamwita hawakumjua, lakini walimlenga.

Pabaya penyewe palikuwa karibu na stendi, kwenye kibanda cha Amon. Amon hakuuliza simu ni ya nani. Alisema kwake hakuna simu inayoshindikana, akaizima, akabana vitufe vya pembeni mpaka kioo kikaleta maandishi madogo yasiyo na picha, akateremka kwenye orodha, akachagua. Simu ilijifuta yote. Ikazimika, ikawaka upya, ikasalimia kwa lugha za dunia nzima, na Tarsisi akadhani ameshinda. Kisha ikasimama. Haikutaka laini kwanza sasa. Ilitaka barua pepe na neno la siri la mtu aliyeisajili mara ya mwisho, na bila hayo haikuruhusu hata kufika kwenye picha ya mbele.

Amon alijaribu hili na lile, mwisho akamrudishia.

"Inamtaka mwenyewe, mzee," alisema.

Tarsisi alisimama juani akiwa na ile simu. Asubuhi ilikuwa inamtaka Ange kwa jambo moja; sasa ilikuwa inamtaka kwa mawili. Kila mlango aliouendea ulikuwa na jina la Ange, na aliona aibu, aibu ya kweli, kama mtoto aliyekamatwa akiruka ukuta. Alirudi sokoni taratibu.

Paskazia alimwona kwa mbali akamsogezea benchi. Alisema alijua angerudi, ila hakujua angerudi na makufuli mawili badala ya moja. Tarsisi hakukasirika, hakuwa na nguvu hizo. Paskazia akamwomba namba ya huyo mtu, akidhani atatafuta mahali alipoiweka. Tarsisi aliisema yote kutoka kichwani, tarakimu zote, bila kukwama. Alikuwa ameitazama ikiita mwaka mzima. Paskazia aliibonyeza kwenye simu yake mwenyewe, akamkabidhi, kisha akajifanya anatafuta bisibisi chini ya meza.

Kwa Ange kulikuwa asubuhi. Uso wake ulijaa kwenye kioo, na Tarsisi karibu aiangushe simu, kwa kuwa miaka ya Marekani ilikuwa imemnenepesha Ange, na sasa alikuwa na mashavu ya mama.

"Tarsisi," alisema Ange. Hakusema kaka.

Njiani Tarsisi alikuwa ameyapanga maneno yake, na yote yalikuwa ya kampuni. Aliyasema. Simu ina kufuli la kampuni, aliyeinunua ndiye wa kuomba, mjomba Aleksi amesema msiba haumaliziki ikiwa imefungwa. Ange alisikiliza mpaka mwisho.

"Janeti aliniambia ilikataa, lakini mwaka mzima nimedhani mliizima," alisema, "ili mama asinione."

Tarsisi angeweza kusema hapana, hatukuizima, na kuishia hapo. Ingekuwa kweli tupu. Alifungua mdomo aseme hivyo.

"Haikuzimwa. Ilikataa laini," alisema. "Nikasema umetutumia takataka. Mwalimu akatoa simu yake ili akupigie, mama akuone. Mimi nikamkataza. Mama alikuwa anasikia."

Ange alilia, na hakuficha. Alilia kama watu wanavyolia msibani, kwa sauti, na ndivyo ilivyokuwa, maana mwaka ule yeye alikuwa amelia peke yake jikoni bila mtu wa kumshika. Tarsisi hakutazama paa. Aliutazama uso ule wote, akamwomba msamaha kwa Kirundi, lugha ambayo mama aliwalelea.

Ange hakujibu kwamba amesamehe. Alijifuta kwa kiganja, akasema hata yeye hakujua kama simu ina kufuli. Huko haikuwahi kumkatalia kitu, na haraka ilimfanya asiulize. Kisha akauliza simu inataka nini kingine. Tarsisi akasema inataka barua pepe na neno la siri, na kwamba hilo la pili amelisababisha yeye mwenyewe.

Ange alicheka, machozi yakiwa bado yapo.

"Niliifungulia akaunti ya mama," alisema, akamtajia barua pepe. "Neno la siri nilijua utaliandika wewe, maana mama hajui kuandika. Nikatafuta neno ambalo huwezi kulisahau. Andika alivyokuwa anakuita. Yote mawili, usiache nafasi."

Gahungu kanje, kijana wangu mdogo. Alimwita hivyo Tarsisi akiwa na wajukuu, akiwa na mvi, akiwa ameudhika. Alimwita hivyo hata siku ya mwisho, akimwulizia Ange. Tangu azikwe hakuna aliyelitamka. Tarsisi aliliandika kwa kidole kimoja kinene cha mkulima, herufi baada ya herufi, Paskazia akiwa ameirushia simu ile bando kutoka kwenye laptopu yake kuukuu. Kioo kilizunguka kidogo, kikafunguka.

Ange akasema ataomba kampuni wakati huohuo, lakini jibu halitatoka papo hapo. Tarsisi alilala Itetemia, palepale Tabora, kwa shemeji yake Lugembe, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alimsimulia mtu habari ya mwalimu. Lugembe alimsikiliza, akamwongezea ugali.

Kesho yake alasiri kampuni ilikuwa imekubali. Paskazia alitia laini ya Tarsisi kwenye simu ya mama, wakasubiri, na vile vijiti vya mtandao vikapanda pembeni mwa kioo kama haikuwahi kukataa kitu. Tarsisi aliomba aipige mwenyewe simu ya kwanza. Ange alipokea kabla haijaita sana, akasema ameshaongea na mjomba Aleksi, na kwamba mjomba anataka simu isimamishwe juu ya sanduku la mama siku ya kumaliza msiba, imefunguliwa, yeye Ange akiwa ndani.

Paskazia, kwa kawaida ya kazi yake, alimshauri mteja kabla hajaondoka. Alisema neno la siri alilisikia jana kwa masikio yake, na fundi mwaminifu humwambia mteja abadilishe akifika nyumbani, au abadilishe sasa hivi yeye akigeuka pembeni.

"Liache," alisema Tarsisi. "Hakuna mwingine aliyebaki wa kuniita hivyo."

"Nipo mimi, Gahungu kanje," Ange alisema kutoka kwenye kioo.

Tarsisi aliiweka simu mfuko wa shati bila kuikata, akakikunja kile kitenge, akaenda stendi kutafuta gari la Ulyankulu.