Sahani Iliyorudi Nzima

Berthe alijua kumsoma mume wake kwenye sahani. Miaka kumi na nane ya ndoa: Liévin akimaliza lituma yote, ndizi zake za kupondwa, na kulamba vidole, usiku ule angemgeukia, akiacha nusu, kulikuwa na maneno ofisini. Kwa hiyo sahani iliporudi nzima wiki mbili mfululizo, naye Liévin akilala uso ukutani, Berthe hakuhitaji kuambiwa.

Madina, jirani yake, alimwambia hata hivyo.

"Mama Benie, tumbo ya mwanaume haifungake. Kama hakule kwako, iko anakula fasi ingine."

"Labda iko mugonjwa."

"Mugonjwa gani anaenda kazi kila asubuhi na shati ya pasi? Zima moto. Njaa itamurudisha."

Berthe akazima moto. Mtoto wao, Benie, akampeleka kwa dada yake mtaani Kabondo. Aliacha kupika samaki, akaacha pondu ya majani ya muhogo, mwishowe akaacha hata uji wa mchele wa asubuhi, kitu pekee ambacho Liévin alikuwa bado anakunywa.

Liévin alisimama kando ya mbabula ya makaa iliyopoa. "Uji hakuna?"

"Uliza kule unakokula."

Akainamisha kichwa, akaenda kazini. Kwa Berthe, kimya kile kilikuwa ungamo.

Siku ya tisa tangu azime moto, uvumilivu ulimwisha. Saa sita mchana alipanda toleka, teksi ya baiskeli, akashuka nyuma ya ofisi ya komini alikofanya kazi Liévin, kitenge amekikaza kama mtu anayekwenda kupigana. Na kweli, Liévin alikuwa kwenye malewa, kibanda cha chakula cha Mama Prudence, mbele ya sahani ya lituma. Mwanamke amemwinamia.

"Basi ni wewe!"

Mama Prudence aligeuka na kikombe cha maji mkononi. "Mimi nini? Njoo uangalie mwenyewe."

Liévin hakupata muda wa kuificha leso yake. Ilikuwa wazi magotini pake, imejaa matonge madogo yaliyotafunwa na kutemwa.

"Kila siku anajaribu," Prudence alisema. "Inakataa kushuka. Ananiambia, nikiweza hapa, nitaweza mbele ya bibi yangu."

Berthe akakaa kwenye benchi.

"Papa Benie, kwa nini hukuniambia?"

"Donganga wa hospitali alisema ni uvimbe kooni, umeshakuwa mkubwa. Ningekuambia nini?" Sauti ilikuwa nyembamba. "Ukinishika ungehesabu mbavu. Na pumzi yangu inanuka. Ndiyo maana nililala vile." Akakunja leso taratibu. "Uji ulikuwa unapita, Berthe. Siku zile."

Jioni ile Berthe alipika uji wa mchele, akauchuja kwa kitambaa mara mbili. Kijiko cha kwanza kilirudi. Cha pili kilirudi na damu.

"Ngoja, niongeze maji."

Akaongeza, akaongeza tena, mpaka uji ukawa maji meupe tu. Hayo nayo yalirudi.

"Kidogo tu, Papa. Nakuomba. Kwa ajili ya Benie."

Liévin alimnyang'anya kijiko, akachota, akakipeleka mdomoni mwa Berthe.

"Kula wewe. Mimi nitakuangalia."

Berthe alikula huku akilia, kijiko baada ya kijiko. Kila alipomeza, koo la Liévin lilipanda na kushuka pamoja na lake. Alikuwa amemgeukia, ukuta uko mgongoni.