Upande Uliokuwa Ukigonga

Kwa maelezo ya Mama Cherehani, anayeshona nguo ng'ambo ya barabara, fundi aliitoa jointi mpya kwenye boksi lake, akatazama huku na huku kama mtu anayeiba mayai, akaiviringisha kwenye gunia, kisha akatia kwenye gari chuma kikuukuu alichokipaka grisi king'ae. Alimwona kwa macho yake mawili, na macho hayo, aliwakumbusha wateja, hupitisha uzi kwenye tundu la sindano bila miwani. Ndiyo maana lile gari jekundu la spoti lilimkatikia mpiga picha Jumamosi katikati ya njia panda, bibi harusi akiwa ndani, na basi likafunga breki na kusimama kiganja kimoja kutoka mlangoni. Kila aliposimulia, basi lilisogea. Kufikia Jumatatu asubuhi lilikuwa limeshaligusa shela.

Binti wa fundi aliyapata hayo alipokwenda kuchota maji ya kunawia mikono. Alijaza ndoo, akaibeba, akarudi. Habari ya basi ilikuwa kweli, ukiitoa chumvi, hilo alilijua. Na alijua kwamba baba yake hajawahi kuiba hata nati. Kilichomnyima raha kilikuwa kingine. Siku ya Ijumaa kuna swali alipaswa kuuliza, na hakuliuliza.

Baba yake watu walimwita Daktari. Tangu binti hajazaliwa, mzee aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, akakutajia ugonjwa kabla hujamaliza kulalamika. Kwa jointi za magurudumu ya mbele, zile ambazo gololi zake zikilika hugonga tak-tak-tak gari likikata kona, hakuhitaji hata bisibisi. Aliingia garini, akapinda usukani hadi mwisho, akazunguka uwanja mara mbili, akashuka na kusema: kulia. Au: kushoto. Akaanza kufungua.

Sasa ulikuwa mwaka wa tatu Daktari hasikii tak-tak wala nini.

Hakuna aliyelisema. Binti aliligundua akiwa amesimama mlangoni, siku gari lilipopita likigonga kama mtu anayebomoa ukuta na baba yake akashuka akiwa na uso mtupu, akimtazama yeye. Bila kufikiri, binti akajikuna sikio la kulia. "Kulia," mzee akamwambia mwenye gari. Tangu hapo mambo yakaenda hivyo. Gari likizunguka, binti huwa mlangoni na tambara mkononi, kama msichana asiye na kazi. Hawakuwahi kukubaliana kwa maneno, wala kutazamana kwa muda mrefu baadaye.

Ijumaa mpiga picha alileta gari lake asubuhi, akaliacha. Hulikodisha kwa maharusi, na kesho yake lilikuwa na safari. Daktari akamtuma binti dukani akanunue jointi, maana kwa gari lile ni ileile pande zote mbili. Dukani kulikuwa na foleni. Aliporudi, gurudumu la kushoto lilikuwa limeshafunguliwa na jointi ya zamani imeshatoka. Mzee hakuwa na subira. Alizunguka peke yake. Binti alimkabidhi boksi. Neno lilimfika ulimini: baba, una hakika ni huku? Akalimeza. Kumwuliza vile mbele ya wateja wengine kungekuwa kumvua nguo.

Jumatatu hiyo, kabla jua halijapanda sana, gari lilikuja likivutwa kwa kamba. Gurudumu la mbele la kulia lilikaa upande, na grisi ilikuwa imetapakaa hadi mlangoni. Binti alitazama mara moja. Kulia. Nao walikuwa wamebadilisha kushoto.

Mpiga picha alishuka akiwa na boksi. Ni desturi ya Daktari: chuma kilichotolewa hukitia kwenye boksi la kile kipya, akampa mteja aende nacho nyumbani, asije akasema hakufanyiwa kitu.

"Shikamoo, mzee," alisema, na salamu yenyewe ilikuwa imekauka. "Sikuja kwa ugomvi. Nimempelekea hii fundi mwingine. Anasema ni nzima, haina hata mkwaruzo. Sasa nieleze. Kama uliyoitoa ni nzima, iliyokuwa inagonga ilikwenda wapi?"

Daktari alimtazama midomo. "Kosa limetokea," alisema. "Nitalitengeneza."

"Kosa gani? Uliitia boksini jointi ya gari jingine, ile mbovu ukaiacha palepale, na mpya ukaila. Hilo ni kosa au ni kitu kingine?"

"Nilisema mimi!" Mama Cherehani alikuwa ameshavuka barabara, utepe wa kupimia shingoni. "Nilisema nikaambiwa mmbea."

"Mama, hukuambiwa," binti alisema taratibu. "Unajulikana."

Mmoja wa waliolivuta gari akacheka. Mama Cherehani akajitia hamnazo.

Binti akaipokea jointi kutoka boksini, akaipinda huku na huku. Gololi ziliteleza kama zimo majini. Ilikuwa ya gari lilelile, na haikuwa na kosa lolote. Mpya ilikuwa ndani, upande wa kushoto, imefungwa vizuri, inang'aa. Kulifungua gurudumu lile kungechukua dakika chache tu.

"Ngoja kidogo, kaka," alimwambia mpiga picha. Akamgusa baba yake kiwiko, wakaingia stoo, nyuma ya rafu ya mikanda. Alisimama mahali penye mwanga, uso kwa uso, ili mzee aone maneno.

"Baba, tufungue kushoto. Waione mpya."

"Halafu?"

"Halafu watajua hukuiba."

"Halafu watauliza kwa nini Daktari ametibu mguu mzima na kuuacha uliovunjika." Mzee hakupandisha sauti. Siku hizi hakujua sauti yake ina ukubwa gani, kwa hiyo aliishusha sana. "Waache waseme mwizi. Mwizi hutukanwa, akalipa, baada ya mwezi wanamletea gari, wanakaa hapo kumchunga mikono. Fundi asiyesikia, nani atamletea nini?"

"Nitasema nilisikiliza mimi, nikakosea."

"Na mimi nilikuwa wapi mpaka usikilize wewe?"

Binti alitazama bisibisi ndefu iliyoning'inia msumarini; mpini wake ulikuwa umelika kwa kukaa sikioni. Akasema polepole, akiyafungua maneno mdomoni moja moja: "Baba, basi lilisimama kiganja kimoja. Hilo si chumvi ya Mama Cherehani. Nimemwuliza dereva."

Mzee alisoma midomo yake, akafumba macho. Alipofumba macho, hakuna mtu duniani aliyeweza kumwambia kitu.

Kisha akatoka nje. Binti akamfuata. Alimkuta amechukua spana ya magurudumu, ile ndefu, moja tu waliyo nayo, akaenda kusimama mbele ya gari akiwapa wote mgongo. Alikuwa akiifuta kwa tambara, ingawa ilikuwa safi.

"Mzee," mpiga picha alisema mgongoni kwake, "nakuomba kitu kimoja, ufungue mbele yangu." Akangoja. "Mzee! Au umetia pamba masikioni?"

Macho ya Mama Cherehani, yale ya kupitisha uzi, yalikuwa yametulia kwenye shingo ya Daktari, kisha yakahamia taratibu kwa binti, kwenye mkono wake, ambao ulikuwa umeinuka wenyewe hadi karibu na sikio.

Binti akaushusha. Akaburuta jeki, akaisukuma chini ya gari, upande wa kushoto, akaipandisha mpaka gurudumu likaachana na ardhi. Akapiga magoti. Baba yake alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Kama angemgusa mguu, mzee angegeuka. Kama angepaza sauti, watu wangejua kwa nini amepaza. Akasema kwa sauti ya kila siku, ile ambayo binti yeyote humwambia baba yake wakiwa kazini:

"Baba, naomba spana."

Mbele ya macho ya wote, mzee hakugeuka; tambara lilipita juu ya chuma, likarudi. Likapita tena.