Sabuni Kwenye Rubisi

Dafroza alichota rubisi kwa kibuyu, akaonja, akatema. Sabuni tupu! Jumamosi wakwe kutoka Kimuli wanakuja kumchukua Joviana, bintiye wa pekee, na pombe ya ndizi iliyojaa kwenye mtumbwi wa kukanyagia imeharibika yote. Atawatazamaje? Siku ya kumtoa binti, hata uchinje ng'ombe wawili, pasipo rubisi wageni wataondoka wakisema wameshinda na kiu.

Maji alikuwa ameyachota pale pale anapochota siku zote, kwenye kijito kinachopita nyuma ya soko la Omurushaka. Ya bomba hayataki. Ana hakika yanaua ukali wa pombe, na ukibishana naye utakesha. Akajifunga kanga kiunoni, akapanda kufuata kijito, mdomo umejaa maneno ya kummwagia huyo mharibifu.

Nyuma ya matete akakuta pikipiki imejaa povu, na aliyeinama juu yake ni Rwezaura, mchumba wa Joviana.

Dafroza akampa mgongo upesi. Alivyolelewa yeye, mama hatazamani na mkwewe wala hasemi naye uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja huingia migombani. Sasa atamgombezaje? Kando yake kulikuwa na mbuzi wa mtu, kafungwa kamba, anatafuna majani.

"Wewe mbuzi," akasema, "nani kakutuma kuosha pikipiki juu ya maji yangu? Si ulikuwa unaoshea kule chini, darajani?"

Rwezaura naye akamgeukia mbuzi.

"Mwambie mama, kule chini anapita kila siku na ndoo. Tangu nipeleke posa nikaona namvunjia heshima, ananikuta na kaptula. Nikahamia huku asinione."

Dafroza alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Kumbe kijana kaharibu pombe ya harusi yake mwenyewe kwa adabu! Marehemu mumewe hakuwahi kumkwepa mama mkwe hata siku moja, hasa chakula kikiwa tayari.

"Mbuzi, mwambie rubisi yote inanuka sabuni yake. Ndizi za kuanza upya zipo, wa kuzikanyaga ndiye hayupo."

"Mwambie mama nitakuja kuzikanyaga mimi. Yeye akae ndani, mimi uani. Hatanisikia hata nikikohoa."

Dafroza akaiona siku hiyo ilivyo: yeye kajifungia ndani, kijana anatoka jasho uani bila hata kukaribishwa chai. Na Joviana akishaondoka, nyumba ile itabaki na yeye peke yake. Akianza kujificha na huyu, nani tena atampigia hodi? Uchungu ukampanda, adabu zote za kwao akaziona nzito kuliko ndoo.

Akageuka, akamtazama usoni. Rwezaura akainamisha kichwa, povu likimtiririka mikononi.

"Nawa mikono, mwanangu," akasema Dafroza. "Twende nyumbani."